Moto wa Mzunguko wa Tatu

Jumamosi, 22 Novemba

Clarrie Voigt, kocha wetu wa mbio, ametugawia madaftari mapya leo, kama afanyavyo kila mwanzo wa msimu. Lile la buluu ni la kuandika mazoezi, naye hulisoma kila Ijumaa, miwani ikiwa imemkaa kwenye ncha ya pua. Hili nimelinunua mwenyewe, na hatalisoma. Yapo mambo ambayo mwanamke wa miaka arobaini na miwili hapendi kumwandikia kocha wa miaka sabini na tisa.

Jambo lenyewe ni hili. Tulikuwa tunakimbia maili, mizunguko minne ya uwanja. Mzunguko wa tatu kifua kilishika moto. Si kuchoka, kuchoka nakujua. Huu ni moto unaoanzia chini ya mfupa wa kifua na kupanda mpaka kooni, na nyuma yake yakaja maji machungu nikayatema kwenye nyasi. Nilimaliza nikiwa natembea.

"Vipi?" Clarrie akauliza, saa ya kupimia mkononi.

"Miguu mizito tu."

Nilimdanganya bila hata kufikiri. Siwezi kumtajia Clarrie Voigt moto wa kifuani. Sio mimi, kwa jina la Tregenza ninalolibeba.

Jumanne, 25 Novemba

Joto digrii thelathini na nane. Nzi. Malori ya kwanza ya ngano yamefika maghalani.

Jumapili, 30 Novemba

Nimempelekea baba chakula. Nilimkuta amelala kwenye kiti chake cha mikono, wima, kidevu kifuani, redio inajisemea. Kitanda chake kimetandikwa vizuri kama cha hotelini, na hajakilalia tangu nikiwa mtoto. Mama alikuwa akisema huo ni ukaidi, na mwishowe ukaidi huo ulikuwa mmoja wa sababu alizozitaja alipoondoka.

"Umeanza tena na yule?" baba akauliza. Hamtaji Clarrie kwa jina. Wanaishi mji mmoja wa watu mia sita, wananunua mkate duka moja, na hawajasalimiana kwa miaka thelathini na tisa.

"Nimeanza."

"Haya." Akaongeza sauti ya redio.

Jumamosi, 6 Desemba

Mashindano ya kwanza. Mgawa mita amenipa mita tisini mbele ya mstari, kwa kuwa mwaka jana nilimaliza katikati. Mwenye kasi zaidi anaanzia mstarini, sisi wengine tunatawanywa mbele yake kulingana na udhaifu wetu, na yeye anatukimbiza. Mgawa mita akipanga vizuri hutufikisha sote kwenye utepe kwa pamoja. Watu huweka dau juu yetu, ndiyo maana siri ni kila kitu. Clarrie hataki tuseme nje ya kambi kama tuko wazima au wagonjwa, hata kwa daktari, maana mke wa daktari ana shemeji anayechezesha kamari.

Kabla ya bunduki ya kuanzia Clarrie alipita na kopo lake la bati, kama alivyofanya kwa kila mkimbiaji wake tangu kabla sijazaliwa. Peremende moja ya mnanaa, chini ya ulimi. "Inafungua kifua," husema. Ni kitu pekee anachokitoa bure, na macho yake hulainika kidogo anapokitoa.

Mzunguko wa tatu, moto. Nilimaliza wa kumi na moja kati ya kumi na wanne.

Tahnee, msusi wetu wa mjini na binti mdogo kuliko wote kambini, alinipokea kwa taulo. "Dada Leonie, mbona ulikuwa unakimbia kama umebeba yai kifuani?"

Nikacheka. Nilitaka kulia.

Alhamisi, 11 Desemba

Malori themanini na mawili leo maghalani, kazini kwangu. Nachoma mkuki wa sampuli kwenye ngano, napima unyevu, naandika, lori linalofuata. Pai ya nyama saa tisa nikiwa nimesimama, kahawa ya chupa, saa kumi na moja uwanjani. Moto.

Jumapili, 14 Desemba

Sasa sielewi kabisa. Leo nimeamka alfajiri nikakimbia peke yangu mpaka kwenye maghala na kurudi, kilomita kumi na mbili, ya mwisho kwa kasi ya mashindano. Hakuna kitu. Kifua baridi kama kisima. Nilirudi nikiimba.

Jumatano, 17 Desemba

Clarrie akiwa uwanjani: moto.

Ijumaa, 19 Desemba

Peke yangu, alfajiri: hakuna.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Baba amekula nyama ya kondoo kidogo, viazi viwili, akakataa keki. Nilijaza sahani mara tatu. Nilipojilaza kwenye kochi lake mchana, moto ulikuja bila hata kukimbia. Niliinuka haraka nikasingizia nzi. Baba aliniangalia muda mrefu kuliko kawaida yake.

Alhamisi, 1 Januari

Nimeyatazama haya uso kwa uso na jibu nililolipata ni baya. Nikikimbia peke yangu, sina ugonjwa. Clarrie akisimama na saa yake, ninao. Ugonjwa gani unaojua nani anatazama? Huo si ugonjwa, ni woga. Nimemrithi baba.

Niiandike hadithi yenyewe mara moja, nisirudie. Nilipokuwa na miaka mitatu, baba, Alby Tregenza, alikuwa tegemeo la kambi ya Clarrie. Alikuwa akishinda mazoezini, kisha siku ya mashindano anasimama mzunguko wa tatu na kutembea. Mgawa mita akamwongezea mita. Baadaye siku moja akashinda kwa umbali wa ajabu, na wasimamizi wakamwita. Walisema alikuwa akijibana, akikimbia chini ya uwezo wake makusudi ili aongezewe mita, watu wake wavune kwenye kamari. Baba akasema kifua chake kilikuwa kinaungua. Ukumbi mzima ulicheka. Wakamuuliza kocha wake, na Clarrie akajibu, "Mimi sikuona ugonjwa wowote." Miaka mitano ya kufungiwa. Hakurudi tena.

Shuleni wavulana walikuwa wakinipita wakishika vifua na kulia, "Moto! Moto!" Sikuwahi kumtetea baba. Niliamini kama wao. Na nilipofika miaka thelathini na mitano nikaenda kwa Clarrie kujifunza kukimbia, nadhani kwa sababu nilitaka mtu mmoja wa jina letu aonekane anamaliza.

Jumanne, 6 Januari

Vumbi la kaskazini. Hatukufanya mazoezi.

Jumamosi, 24 Januari

Mashindano ya tatu. Sasa nina mita mia na arobaini na tano. Nimekuwa bibi kizee wa mgawa mita. Nilikula pai njiani, nikanywa kahawa mbili za kujipa moyo, Clarrie akanipa peremende yake, na nikaanza vizuri mno. Mzunguko wa tatu nilishika kiuno nikatembea. Koo lilikuwa kama nimemeza siki.

Kwenye uzio mzee mmoja alimwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti: "Ile ni damu ya Alby. Ngoja uone, mashindano ya Pasaka atapaa."

Clarrie alikuwa karibu. Alisikia. Aliniangalia miguuni, kisha usoni, na nikaiona shaka ikiingia machoni mwake. Hakuniuliza vipi. Hilo ndilo lililoniuma, hakuniuliza.

Alhamisi, 5 Februari

Nimenunua pakiti yangu ya peremende za mnanaa, zile zile za Clarrie. Natafuna nne kabla ya mazoezi ili kutuliza kifua. Hazisaidii. Kesho nitatafuna sita.

Jumamosi, 14 Februari

Nitaandika kwa kifupi. Pikapu ilipata pancha kilomita thelathini kabla ya kufika mashindanoni. Nilibadilisha gurudumu mwenyewe kwenye jua, bila kahawa, bila pai, bila kitu tangu alfajiri. Nilifika wanaita majina. Clarrie alikuwa ameshakata tamaa, amekwenda jukwaani na kopo lake. Nikaruka uzio, nikasimama kwenye alama yangu ya mita mia na arobaini na tano, bunduki ikalia.

Nilisubiri moto mzunguko wa tatu. Haukuja. Nilisubiri wa nne. Haukuja. Nilishinda kwa mita arobaini, na hakuna aliyepiga makofi.

"Kumbe anajua kukimbia!" mtu akapiga kelele, na wachezesha kamari wakaanza kupiga miluzi.

Bwana Pascoe, mkuu wa wasimamizi, alinifuata nikiwa bado nimeinama. Alisema kwa adabu sana kwamba ushindi umezuiliwa, nifike mbele yao tarehe saba Machi nieleze tofauti ya kasi yangu. Kocha wangu ataitwa pia.

Jumapili, 15 Februari

Nimejaribu kujieleza mwenyewe mbele ya kioo. Nilikuwa mgonjwa, nikapona kwa sababu ya pancha. Hata mimi nacheka. Ningekuwa msimamizi ningejifungia maisha.

Na kuna jambo baya zaidi. Sijui kama sikujibana. Inawezekana mtu akajibana bila mwenyewe kujua? Inawezekana ndani yangu kuna mtu mwingine anayepiga hesabu za mita wakati mimi napiga hatua? Naandika haya nikiwa na akili timamu. Wakinifungia, kila mtu hapa atasema alijua tangu mwanzo, na sitaweza kuwaambia wamekosea.

Jumanne, 17 Februari

Nimekwenda kwa baba. Sikubisha hodi. Alikuwa anakaza nati za pampu mezani.

"Baba, ulikuwa unaungua wapi?"

Aliiweka spana chini. Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliweka kidole chini ya mfupa wa kifua, akakipandisha taratibu mpaka kooni, kisha akageuza uso kama mtu anayetema.

Nilikaa.

"Wewe pia," akasema. Hakuuliza.

"Mimi pia. Lakini kwa nini hauji nikiwa peke yangu?"

"Hata mimi haukuja nikiwa peke yangu. Ndiyo maana mwishowe niliwaamini wao." Akaichukua spana tena. "Siku ya kesi usiwaambie habari za moto, mwanangu. Waambie ulivunjika kidole. Kidole wanakielewa."

"Na hicho kiti?"

"Nikilala chali unakuja. Nilimwambia mama yako. Akasema natafuta kisingizio cha kutolala naye."

Miaka thelathini na tisa ya kulala wima, na mimi mwanawe nilikuwa nakiona kile kiti kila Jumapili. Nimeona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Jumanne, 3 Machi

Nimevunja sheria ya kambi. Nimekwenda kwa daktari, mji wa pili, kilomita tisini, ili shemeji wa mtu asijue. Daktari ni mama wa makamo mwenye haraka. Alianza na moyo. Alinibandika nyaya kifuani akanikimbiza kwenye mashine, na moyo wangu ni mzima kama wa punda.

"Sasa niambie unakula nini kabla ya kukimbia, na saa ngapi."

Nikamwambia. Pai saa tisa, kahawa, mazoezi saa kumi na moja.

"Na ukikimbia alfajiri?"

"Sili kitu."

Akaweka kalamu chini. "Mama, una kiungulia."

Nilimkatalia. Kiungulia ni cha wajawazito na wazee waliokula sana harusini. Nilimwambia kiungulia hakimsimamishi mtu katikati ya maili. Akasema kinamsimamisha vizuri tu. Tumbo lina mlango juu, ukikimbia umeshiba unalitikisa kama mfuko, mlango ukilegea asidi inapanda. Nile saa tatu nzima kabla ya kukimbia, kidogo, bila mafuta. Kahawa nipumzishe. Maji mafunda madogo. Mkanda wa kaptula nilegeze. Kitanda nikiinue upande wa kichwa kwa matofali mawili. Vidonge vya wiki nne, na nirudi. Nilimtajia na baba. Akasema huyo aje mwenyewe, na upesi, kwa miaka yote hiyo anahitaji kuchunguzwa koo.

Nilikuwa mlangoni nilipokumbuka. "Huwa natafuna peremende kutuliza."

"Za nini?"

"Za mnanaa."

"Nani kakwambia zinatuliza? Mnanaa unaulegeza ule mlango. Mtu kama wewe asiuguse kabla ya kukimbia."

Nilikaa ndani ya pikapu nusu saa bila kuwasha. Kila mashindano. Chini ya ulimi. Inafungua kifua. Nilianza kucheka, kisha sikujua tena kama nacheka. Baba amekosa heshima yake, na mke, na kitanda, kwa kiungulia!

Jumatano, 4 Machi

Nimejaribu. Saa kumi na moja jioni, tumbo tupu, mizunguko minne: hakuna. Nikapumzika saa nzima, nikatafuna mbili za mnanaa, mizunguko minne tena: moto, mzunguko wa tatu. Nimetapika nikiwa na furaha. Sikujua kama jambo hilo linawezekana.

Alhamisi, 5 Machi

Nimemwambia Clarrie. Nyumbani kwake, jikoni. Sikukusudia kupaza sauti lakini niliipaza. Nilimwekea barua ya daktari mezani. Aliisoma mara mbili, miwani kwenye ncha ya pua, kopo lake likiwa hapo hapo karibu na sukari.

"Alby nilikuwa nampa mbili," akasema. "Kwa kuwa alikuwa bora kuliko wote."

Sikujua nimchukie au nimshike mkono. Niliondoka bila kufanya lolote.

Jumamosi, 7 Machi

Kesi ilikuwa katika ukumbi wa klabu ya mpira, ule ule wa mwaka wa baba. Bwana Pascoe na wenzake wawili nyuma ya meza ya chai. Viti vyote vimejaa, utadhani tuna harusi.

Niliwaambia habari za moto. Sikusema kidole. Watu walicheka, kama baba alivyoniambia, na masikio yangu yakawaka. Nilitoa barua ya daktari, Bwana Pascoe akaisoma kwa sauti. Aliposoma neno kiungulia walicheka tena, ila mara hii kuna mama mmoja nyuma aliyesema, "Mnacheka nini? Mimi kinaniua kila siku," na kicheko kikapungua.

Kisha wakamwita Clarrie. Moyo wangu wa punda ulipiga kuliko maili yoyote.

"Bwana Voigt, katika mazoezi uliona dalili yoyote ya ugonjwa?"

Alisimama. Ameinama mgongo siku hizi. "Nilimwona anatema mate kila mzunguko wa tatu," akasema. "Nilimwona anashika kifua. Niliona nikanyamaza. Binti huyu hajajibana. Peremende zilikuwa zangu."

Akaketi. Hakumtaja Alby. Nilimsubiri amtaje, ukumbi mzima ulisubiri, hata Bwana Pascoe alingoja kalamu ikiwa hewani. Hakumtaja.

Wamenionya kwa kuficha ugonjwa, wameufuta ushindi wa Februari, wamenirudisha mita tisini. Sikufungiwa.

Nje alinifuata kwenye pikapu. "Mwaka ule nilisema sikuona. Ni kweli sikuona. Sikuangalia. Nilikuwa na hasira naye."

"Clarrie, si mimi wa kuambiwa hayo."

"Najua."

"Basi?"

Akaangalia viatu vyake.

Jumapili, 8 Machi

Nimembebea baba matofali mawili. Aliyatazama kama nimemletea mtoto wa mamba. Tuliinua kitanda pamoja.

"Alisema nini yule?" akauliza.

Nikamweleza yote, na ile habari ya mbili pia.

"Mbili," akarudia. Kisha akalisukuma tofali kwa mguu mpaka likakaa sawa.

Jumatatu, 16 Machi

Baba amelala kitandani usiku wa sita mfululizo. Shuka limekunjamana. Nimelitazama kama mjinga.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua ya kwanza. Uwanja unanukia. Daktari amemchungulia baba koo: kuna kovu, hakuna kibaya zaidi. Mazoezi mazuri. Clarrie halitoi kopo mfukoni tena, mikono yake haijui iwekwe wapi.

Jumamosi, 4 Aprili

Mashindano ya Pasaka. Nilikula uji wa shayiri saa nne kasorobo, mbio saa saba. Mkanda umelegea kiasi kwamba Tahnee alisema, "Dada, kaptula ikidondoka mimi sikujui."

Nilikuwa naelekea kwenye alama yangu nilipomwona baba kwenye uzio. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Hajakanyaga uwanja wa mbio tangu siku ile. Watu walimwachia nafasi pande zote mbili, kama anavyoachiwa mgonjwa au askari.

Nilikimbia. Mzunguko wa tatu niliusubiri kwa hofu ya zamani, na kilichokuja ni uchovu tu, uchovu wa kweli wa mapaja na mapafu. Sikuwahi kuufurahia uchovu hivyo. Nimekuwa wa tano. Wa tano hapewi hata utepe. Nilimaliza nikikimbia.

Nilipogeuka kumtafuta baba nilimwona Clarrie anakata uwanja kumwendea, polepole, watu wote wakitazama na kujifanya hawatazami. Nilikimbilia huko nikiwa bado nahema, sijui kuamua ugomvi au kuwashika wasianguke.

Clarrie alifika kwenye uzio. Kisha, nadhani kwa mazoea tu, kwa kuwa miaka yote hivyo ndivyo alivyowaambia watu mambo asiyoweza kuyasema, mkono ukaingia mfukoni ukatoka na lile kopo. Alipoona alichokitoa alibadilika rangi. Alitaka kulirudisha.

"Alby," akasema. "Walikucheka, na mimi nikawaachia. Nilikosea."

Baba alimwangalia, akaliangalia kopo. Nilisikia bendera zikipigwa na upepo.

"Lete," baba akasema, akanyoosha mkono juu ya uzio. "Lete mbili. Leo mimi sikimbii."